Mgeni Aliyegoma Kula

Jumapili moja mtoto wa dadangu alinipigia simu kutoka Kiamunyi, sauti imejaa machozi. "Anko, amegoma kula." Nilidhani ni mbwa. Kumbe ni kinyonga. Alikuwa amemtoa kwenye ua wa kayaba nyuma ya nyumba, akamweka kwenye sanduku la viatu, akatoboa matundu ya hewa, kisha akampa kila kitu ambacho mtoto wa miaka 11 anaweza kukiita chakula: sukuma wiki, punje za wali, mkate uliolowekwa kwa maziwa, hata nzi wawili aliowaua kwa malapa. Hiyo ilikuwa siku ya nne.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni hata sahani hakuwa ameigusa.

Nilipofika nilimkuta kinyonga amefumba macho mchana kweupe, rangi imepauka, mbavu zinahesabika. Dadangu hakutaka hata kulikaribia hilo sanduku. Kinyonga ana kesi ya zamani: katika hadithi inayosimuliwa na jamii nyingi za Afrika, Wakikuyu wakiwemo, yeye ndiye aliyetumwa na Mungu awaambie binadamu kwamba hawatakufa. Akajikokota njiani, na ndege akamtangulia na habari ya kifo. "Mrudishe alikotoka kabla hajatuletea mambo," dadangu alisema. Lakini kijana alikuwa ameshampa jina. Chapo.

Nilimwangalia vizuri. Alikuwa na kijipembe kimoja kifupi puani na kichogo kilichoinuka kama kofia ya askari. Vinyonga wa sura hii wana jina la mzungu kwenye vitabu vya sayansi: Höhnel. Na ukilifuata hilo jina unagundua kwamba historia ya vinyonga wetu ni historia ya watu waliowabeba kuwapeleka kwingine.

Ludwig von Höhnel alikuwa afisa wa jeshi la majini la Austria-Hungary. Mwaka 1887 aliingia bara pamoja na Samuel Teleki na msururu mrefu wa wapagazi. Wakapita Mlima Kenya, wakapiga kambi Baringo, na Machi 1888 wakafika kwenye ziwa ambalo wenyeji walilijua tangu zamani lakini wao wakalipa jina la Rudolf. Leo tunaliita Turkana. Mwaka 1891, huko Vienna, Franz Steindachner alimwingiza kinyonga wa Laikipia katika vitabu na kumpa jina la Höhnel. Miaka mitano baadaye, mwaka 1896, George Boulenger wa London naye akamwandika kinyonga wa pembe tatu. Huyo alipewa jina la Frederick Jackson, afisa wa kikoloni aliyependa sana ndege na ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda.

Enzi hizo wanyama wa namna hii walihifadhiwa makavazini wakiwa wafu, ndani ya chupa za spiriti. Hakuna aliyehitaji kujiuliza wanakula nini. Kinyonga wa kwenye chupa hagomi.

Shida ilianza watu walipowataka wakiwa hai. Kinyonga wa pembe tatu anafanana na dainosau mdogo, na wafugaji wa ng'ambo walimpenda kwa hilo. Mwaka 1972, mwenye duka moja la wanyama huko Kaneohe, kwenye kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza makumi kadhaa kutoka Kenya. Yalikuwa mambo halali, yenye kibali. Ila hebu chukua ramani upime mwenyewe: kutoka misitu ya Mlima Kenya hadi katikati ya Bahari ya Pasifiki, ndani ya sanduku. Walifika wamekonda, wamekauka maji.

Mwenye duka hakuongeza sahani. Aliwaachilia kwenye bustani ya nyumba yake ili wapate nafuu. Wakapata nafuu kweli. Wakapanda miti, wakavuka ua, wakaenda zao.

Kwa nini bustani ikafanya kile ambacho sanduku halikuweza? Jibu liko kwenye namna kinyonga anavyokula. Kwanza, yeye hali kitu kilicholala. Macho yake mawili huzunguka kila moja kivyake, yakitafuta kinachotembea. Akishakiona, yote mawili hukilenga pamoja, anapima umbali, kisha ulimi unatoka, mrefu kuliko mwili wake. Nzi aliyekufa kwa malapa, kwake, si chakula. Ni uchafu tu. Pili, hazoei kunywa maji ya kwenye bakuli. Kule msituni anakunywa umande na matone ya mvua yanayoteleza kwenye majani, na kinyonga mwenye kiu hupoteza hamu ya kula kabla hujajua ana kiu. Tatu, mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Asipopata jua la asubuhi, hata alichokula hakisagiki vizuri. Lakini ukimfungia juani bila kivuli utampika, maana hawa ni watu wa nyanda za juu, wa usiku wa baridi.

Na nne, jambo ambalo watoto hawapendi kusikia: anaogopa. Kila mara Chapo alipoona uso mkubwa ukimchungulia kutoka juu, alichoona ni mwewe. Nani hula huku mwewe amemsimamia?

Kwa hivyo Kaneohe palikuwa na kila kitu. Upande ule wa Oahu una mvua nyingi, majani hayakauki, wadudu tele, na milima iliyo karibu ina ubaridi. Zaidi ya hayo, kinyonga wa pembe tatu hatagi mayai. Anazaa watoto hai, mara nyingine zaidi ya 20 kwa mkupuo, na wanaanza kujitafutia chakula karibu mara moja. Mama mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha kijiji. Watu nao wakawabeba kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 1988, wanasayansi walipoipa rasmi jamii ya Mlima Kenya jina lake, xantholophus, vizazi vyake vilikuwa vimekaa Hawaii miaka 16.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Watafiti walipopasua matumbo ya baadhi ya vinyonga wa Hawaii, walikuta wadudu wa asili ya kule na konokono wa miti ambao hawapatikani popote pengine duniani. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2010. Konokono hao walikuwa tayari wanaisha, na katika visiwa vyao hapakuwahi kuwa na kinyonga, basi hawakuwa na njia ya kujikinga naye. Yule aliyefika akiwa hawezi kula sasa anakula kuliko kisiwa kinavyoweza kumlisha. Leo serikali ya Hawaii inamhesabu kama mvamizi.

Huku nyumbani, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1981 ikafunga biashara ya kuwauza vinyonga nje. Na kama unamfuga mjusi, kinyonga au kobe wa porini hapa Kenya, jua kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka uwe na kibali, hata kama ulimwokota kwenye ua wenu wenyewe. Hilo nilimweleza kijana polepole. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

"Kwa hivyo nilikuwa namuua?"

Swali zito. Nikamweleza habari za msichana mwingine wa huku kwetu. Daphne Sheldrick alizaliwa mwaka 1934, akakulia shambani Gilgil, akasomea shule ya msingi hapa Nakuru. Alipokuwa mkubwa, kule Tsavo, alihangaika miaka na miaka na swali hilohilo: ndama wa tembo aliyepoteza mama, utamlisha nini? Maziwa ya ng'ombe yaliwaua, maana hawawezi kusaga mafuta yake. Alijaribu mchanganyiko huu na ule, mmoja baada ya mwingine akawazika, hadi alipofikia maziwa yaliyotiwa mafuta ya nazi. Mwaka 1974 ndama mchanga aitwaye Aisha akayakubali, akaanza kunenepa. Kisha Daphne akasafiri siku chache kwa harusi ya binti yake. Maziwa yalikuwa yaleyale, ila aliyeyatoa hakuwa yeye. Aisha akaacha kula. Akafa.

Daphne hakuacha kazi. Alichojifunza ni kwamba chakula sahihi ni nusu tu ya jibu. Hadi leo, katika kituo cha mayatima wa tembo Nairobi, walezi hupokezana zamu, wanalala na ndama kwa kubadilishana, ili pasiwe na ndama anayemtegemea mtu mmoja peke yake.

Kijana alinyamaza. Aisha alihitaji mtu. Chapo hakuhitaji mtu hata kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kumpenda mnyama anayetaka uondoke ni kazi ngumu ukiwa na miaka 11. Hata ukiwa na 30.

Jioni, jua likiwa bado lina joto, tulimpeleka kwenye kayaba. Kijana aliweka kijiti, akasubiri Chapo apande mwenyewe, akakiegemeza ndani ya ua. Halafu akachukua chupa ya maji aliyokuwa ametoboa kifuniko, akanyunyizia majani. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha kinyonga akafungua jicho moja, akalizungusha. Akasogeza mdomo hadi kwenye jani, tone likaingia, akameza. Akarudia. Tulihesabu matone tisa, kisha tukarudi nyuma, kwa sababu tulikuwa mwewe.

Hatukumwona akila. Sitakudanganya.

Ila usiku vinyonga hulala kwenye ncha za matawi, na ukiwamulika kwa tochi wanang'aa weupe kama karatasi. Wiki mbili baadaye simu ililia saa tatu usiku. Kijana alikuwa nje na tochi ya simu ya mamake, ananong'ona. Ameona mmoja kwenye ua, hana uhakika kama ni Chapo, na hajamgusa, Anko, haki hajamgusa.

"Ako aje?" nikamuuliza.

Akakaa kimya kidogo, kama mtu anayepima.

"Ako na tumbo."