Kiti Mezani na Neno Barazani: Wenye Ulemavu katika Maandiko na Ibada



Kila mwaka taarifa hii huonyesha msaada uliotolewa kwa wasiojiweza. Mwaka huu twaomba ruhusa tutazame nyuma katika historia, tupime kama msaada wa chakula peke yake watosha.

Katika kitabu cha pili cha Samweli imo habari ya Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka 5 ilipofika habari ya kifo cha baba yake. Yaya wake alipokimbia naye alianguka, akalemaa miguu yote miwili. Daudi alipotawala alimrudishia mashamba yote ya Sauli, babu yake, tena akamketisha mezani pake. Hapa Gotu, kando ya Ewaso Nyiro, ambako mali ya mtu ni mifugo, jambo hilo ni wazi: mwenye kulishwa na nduguze, huku wanyama aliowarithi wameshikwa na wengine, hakutendewa wema bali amedhulumiwa.

Habari haikuishia hapo. Daudi alipomkimbia Absalomu, mtumishi Siba alimsingizia Mefiboshethi kwamba anautamani ufalme. Mfalme akampa Siba mali yote pasipo kumsikia mshtakiwa, ambaye kwa ulemavu wake hakuweza kuufuata msafara. Baadaye alipomsikia, aliamuru mali igawanywe nusu kwa nusu. Basi kiti cha mezani hakikumlinda mtu aliyehukumiwa bila kusikiwa.

Ibada nayo ilikuwa na mipaka. Mambo ya Walawi, mlango wa 21, yalimzuia kuhani mwenye kilema asitoe sadaka, ingawa aliruhusiwa kula chakula kitakatifu. Lakini katika Injili ya Yohana wanafunzi waliuliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, na Yesu akakana kwamba ni yake au ya wazazi wake. Huko Kapernaumu watu wanne walifungua paa ili mwenye kupooza aingie. Hawakumrudisha kwa kuwa mlango umejaa watu.

Afrika haikukosa mashahidi. Katika karne ya 4 Didymus, aliyepofuka utotoni, aliongoza chuo cha Kikristo cha Alexandria, Misri, akawafundisha wenye macho. Jirani zetu Waislamu nao humkumbuka Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuwa mwadhini huko Madina zama za Mtume. Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka kwamba, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe wenye ulemavu.

Chama chetu si chombo cha serikali, ila neno hilo latuhusu. Majina ya wenzetu wenye ulemavu yamo katika orodha ya wapokeaji. Katika orodha ya kamati hayamo. Kwa hiyo twaweka mbele ya mkutano mkuu mambo mawili: shauri lolote la urithi au msaada wa mlemavu lisikatwe kabla hajasikiwa mwenyewe, hata ikibidi kamati imwendee nyumbani, na katika uchaguzi ujao mmoja wao apewe nafasi katika kamati, mwenye haki ya kusema na kupiga kura kama sisi.