Riba Ndani ya Telefone

Wakristu na Waislamu wa Maniema wanakaa pamoja na kuuziana vitu. Yafaa basi tujue sheria inayomfunga jirani yetu katika mambo ya feza, hasa leo ambapo telefone imekuwa kama banki.

Korani inaruhusu biashara, inakataza riba. Mwenye kuuza anachukua hatari: mali yake yaweza kuoza au kukosa mnunuzi. Mwenye riba anaongezewa tu kwa sababu siku zinapita.

Mwaka wa 1963, huko Mit Ghamr katika Misri, Ahmad El-Naggar alianzisha banki ya akiba isiyo na riba. Mwaka wa 1975 ikafuata banki ya Kiislamu ya Dubai. Banki hizo hutumia sana murabaha: banki inanunua kitu kwanza, kiwe chake kweli, kisha inamwuzia mtu kwa bei inayojulikana, naye analipa polepole. Akichelewa, bei haiongezeki.

Kisha ikaja telefone. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007. Kupeleka feza kwa ada hakukuleta shida kubwa, kwani ada ni malipo ya kazi. Lakini mwaka wa 2012 ilikuja M-Shwari, yenye kukopesha. Aliyekopa shilingi 1,000 alirudisha 1,075 baada ya siku 30. Asipolipa, ada iliongezwa tena. Iliitwa ada, si riba. Je, jina likibadilika, mzigo umebadilika?

Waalimu wa Kiislamu wenyewe wanajiuliza hivyo. Kuna banki zinazomwuzia mtu bidhaa kwa deni, halafu mara moja zinamwuzia mwingine kwa niaba yake, naye apate feza taslimu. Bidhaa hakuiona kamwe. Mwaka wa 2009, huko Sharjah, baraza la wanasheria wa Kiislamu lilikataa mpango huo. Hata hivyo banki nyingi bado zinautumia, na telefone inaumaliza kwa dakika chache.

Tusicheke. Mwaka wa 1745 Papa Benedikto XIV, katika barua Vix pervenit, alikataza faida itokayo katika mkopo wenyewe, akakubali kwamba sababu nyingine za haki zaweza kuwapo. Nasi pia tulikuwa na watu wa kuificha riba chini ya majina mazuri.

Basi, mkristu akikuletea shauri la deni lake, usimwulize kwanza jina la mkataba. Umwulize: nani anabeba hasara? Maskini akiibeba peke yake, jina zuri halitamwokoa.