Meno ya Nakuru: kuchemsha maji hakutoshi

Idi ya mwaka 2017 tulishuka Mombasa na watoto. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na meno yake mawili ya juu ya mbele ndiyo kwanza yameota. Shangazi yake akamshika kidevu, akamwambia, "Hebu cheka nikuone." Akacheka. Meno yalikuwa na michirizi myeupe kama chaki, na rangi ya kahawia imeshaanza kuingia katikati. Shangazi hakungoja: "Kwani mamako hakuswakishi?" Tangu siku ile mtoto akicheka huweka mkono mdomoni.

Mamake alikuwa akimswakisha asubuhi na jioni. Tatizo lilikuwa maji, na maji yenyewe tulikuwa tukiyachemsha kila siku tukidhani tumemaliza kazi.

Naandika haya kwa sababu familia nyingi za Pwani zina watu wao huku: wafanyabiashara wa Nakuru mjini, vijana wa mashamba ya maua Naivasha, walimu wa Njoro, Rongai na Gilgil. Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini jambo hili nimeuliza kwa madaktari wa meno na watu wa maji kwa miaka, na mengi ya kufanya hufanywa nyumbani, si hospitalini.

Kinachoharibu meno ni madini yaitwayo floraidi. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Maji ya chini ya ardhi hapa yana magadi mengi na chokaa kidogo, na maji ya namna hiyo huyeyusha floraidi kwa wingi. Kwetu Pwani visima vyetu viko ndani ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na chokaa huishika floraidi isizidi. Ndiyo maana twalalamikia chumvi lakini meno yetu hayana michirizi. Hatuna cha kujisifu hapo, ni bahati ya mwamba. Wenzetu wa Arusha wana tatizo hili hili, na wao pia twawacheka.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa kila lita ya maji ya kunywa. Visima vingi vya mashine katika Bonde la Ufa la kati hupita hapo, vingine mara kadhaa. Maji ya mito itokayo milima ya Aberdare kwa kawaida huwa na afueni. Kwa hiyo nyumba mbili za mtaa mmoja zaweza kutofautiana, moja yanywa maji ya mto na ya pili ya kisima.

Sasa kuhusu kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, nako ni lazima. Lakini floraidi haifi kwa moto wala haipandi na mvuke. Nipigie hesabu: sufuria ya lita nne, kila lita ina miligramu nne, jumla 16. Ukichemsha zikabaki lita tatu, zile 16 bado zimo, na sasa kila lita ina zaidi ya tano. Dawa ya klorini haiondoi. Chujio la udongo haliondoi. Mkaa wa kawaida wa kuni hauna faida yoyote hapa. Sisi tulivitumia vyote hivyo.

Jambo kubwa ni umri. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi kabla hayajaota, na floraidi hulidhuru gamba la jino wakati huo. Kwa meno ya mbele, hatari kubwa ni miaka mitatu au minne ya kwanza. Kwa magego, mpaka kama miaka minane. Tulihamia Nakuru mwaka 2011 binti yetu akiwa na mwaka mmoja, kwa hiyo tulimleta wakati mbaya kabisa. Meno yale yalipokuja kuonekana mwaka 2017 yalikuwa yamekwisha kuharibika zamani. Mtu mzima anayehamia huku leo meno yake hayatageuka rangi. Lakini asijidai kasalimika, kwani maji yenye miligramu tatu na zaidi yakinywewa miaka mingi huweza kuingia mifupani, na mgongo na viungo vikakakamaa. Mahali palipozidi sana, watoto hupinda miguu.

Basi nini cha kufanya? Kwanza, pima. Kampuni ya maji ya eneo lako, au maabara ya maji, itakupa tarakimu. Usikubali neno "yako sawa". Omba karatasi yenye miligramu kwa lita.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Hatari ni maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji hayo, na baadaye uji, kwa sababu tumbo dogo hupokea dozi kubwa.

Dawa ya nyumba yetu imekuwa mvua. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 5 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 hutoa kama lita 800, toa zinazomwagika. Mvua ya kwanza iache ioshe bati. Tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe, maana ndege hawaombi ruhusa. Watu watano wakitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, tangi la lita 3,000 hufika miezi minne. Kufua, kuoga na kutawadha tumieni ya kisima. Kusukutua mdomo si kumeza.

Asiye na tangi ana vichujio. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hivyo huondoa floraidi kweli, ila mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na maji yapimwe tena. Hapa Muislamu atauliza mifupa ya mnyama gani, kachinjwa na nani. Nilimuuliza imamu wetu. Akasema mifupa ya mnyama aliyechinjwa kisheria haina shaka. Ya mfu, kwa madhehebu yetu ya Shafi ni najisi na moto hauisafishi, ingawa Hanafi wana msimamo mwingine. Akanishauri niulize mifupa inatoka machinjio gani, au nitafute njia isiyo na swali. Nikarudi kwenye tangi langu. Maduka yanayojaza mitungi ya maji pia yanaweza kusaidia, lakini si mashine zote huondoa floraidi, kwa hiyo nako ulizia tarakimu.

Jikoni mna mawili ya kuangalia. Magadi ya kulainishia maharagwe yana floraidi, wakati mwingine nyingi; loweka maharagwe usiku kucha uyaache magadi. Majani ya chai nayo yana floraidi yake, basi mtoto mdogo msimzoeshe chai ya rangi. Dawa ya meno msiitupe, maana floraidi kidogo hulinda jino lisitoboke. Chini ya miaka mitatu ni kiasi cha punje ya mchele, kisha kama punje ya njegere, na mtoto atemewe mbali, asimeze.

Meno yaliyokwisha kuingia rangi hayarudi kwa kusuguliwa. Ndugu zangu wa Pwani wametuletea ndimu, mkaa, majivu, na mmoja mchanga wa baharini. Vyote hula gamba la jino ambalo tayari ni dhaifu. Daktari wa meno anaweza kuondoa tabaka jembamba la juu, kuling'arisha jino, au kulifunika kwa kijazo cha rangi ya jino ikiwa doa ni la ndani.

Mdogo wake binti yangu alizaliwa 2018, akanyonya, kisha akanyweshwa mvua ya batini kwetu. Meno yake ya mbele yameota meupe. Nyumba ile ile, mama yule yule, mswaki ule ule. Dada yake aliyatazama muda mrefu, asiseme kitu, na jioni yake akaniomba nimpeleke kwa daktari wa meno shule zikifungwa.

Kwa anayepanga kuhamia huku na mtoto mchanga: kabla hujalipa kodi ya nyumba, muulize mwenyewe maji yanatoka wapi, na uione karatasi ya maabara. Mimi niliambiwa yamepimwa, nikashukuru, nikafungua mfereji.