Kabla ya Kununua Kiwanja Buhemba

Kuna ndoto moja inayowavutia vijana wengi wa rika langu: kuishi mji mdogo wenye utulivu na kufanya kazi mji mkubwa ulio jirani. Asubuhi unapanda gari kwenda kazini, jioni unarudi kwenye nyumba yenye uwanja, kuku wachache na majirani wanaojua jina la mama yako. Mtu wa Dar es Salaam atakutajia Kibaha, wa Mwanza atakutajia Kisesa. Kwetu mkoani Mara, ambako mji mkubwa ni Musoma, mazungumzo ya familia yangu yamekuwa juu ya sehemu tatu: Kiabakari, Butiama na Buhemba.

Mazungumzo hayo si ya kupoteza muda. Kaka yangu amepata kazi Musoma na fedha iliyochangwa inatosha kiwanja kimoja tu. Mama anataka mjini, karibu na hospitali. Baba anataka Buhemba, kwa sababu babu alikuwa kibarua mgodini huko. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, kwa hiyo nikaambiwa nisome na hilo.

Wazo la kuishi pembeni na kufanya kazi mjini lina historia yake. Mwaka 1898 Ebenezer Howard, aliyekuwa akiandika kwa hatimkato yanayosemwa katika Bunge la Uingereza, alichapisha kitabu kilichopendekeza miji midogo yenye bustani, iliyozungukwa na mashamba. Mwaka 1903 mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ukaanzishwa kaskazini mwa London. Lakini Howard hakuwa akibuni mahali pa kulala. Alitaka mji wenye viwanda na kazi zake wenyewe, na ardhi imilikiwe kwa pamoja, ili thamani ikipanda, faida ibaki kwa wakazi. Dunia ilichukua bustani na kuacha sehemu ya pili. Vikazaliwa vitongoji vya reli, ambavyo mchana huwa kimya kwa sababu wenye mishahara wameondoka.

Mara haikuwa na reli ya kuzaa vitongoji. Mwaka 1934 Julius Nyerere, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na aliutembea kwa miguu. Kurudi nyumbani kila jioni halikuwa jambo la kufikirika, kwa hiyo alikaa bweni. Leo mwendo huohuo ni wa saa moja hivi kwa gari. Ndoto ya kaka yangu imewezekana kwa sababu ya lami na injini, na itategemea nauli siku zote atakazoishi huko.

Buhemba, iliyoko ndani zaidi kupita Butiama, ilikua kwa njia iliyo kinyume. Watu hawakuifuata ili walale huko na kufanya kazi kwingine. Waliifuata kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa chini ya ardhi yake. Na mapigo ya moyo wa kazi hiyo yalikuwa mbali sana na Uzanaki. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Miamba iliyokuwa haina faida ikawa na faida, na migodi ya Tanganyika, kuanzia Lupa kule kusini hadi Geita na Musoma, ikachangamka. Mgodi ulihitaji vibarua, vibarua walihitaji unga, na mwenye unga alihitaji mahali pa kuuzia. Hivyo ndivyo sehemu kama Buhemba zinavyopata soko kabla ya kupata ramani.

Kisha bei ile ikakaa pale pale, dola 35, kwa zaidi ya miaka 30, huku gharama za kuchimba zikipanda. Geita na Kiabakari zilifungwa mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mgodi wa Buhemba nao ulikuwa umefungwa. Mwaka 1971 Rais Nixon akakata uhusiano wa dola na dhahabu, na bei ikaanza kupaa. Januari 1980 ilivuka dola 800. Buhemba ilinyamaza wakati dhahabu yake ilipokuwa ikielekea kuwa ghali kuliko wakati wowote uliotangulia.

Mwamko wa pili ulikuja na Meremeta, kampuni iliyosajiliwa Isle of Man mwaka 1997, serikali yetu ikiwa mbia. Mashine zikarudi Buhemba miaka ya 2000. Baadaye likaingia jina la Tangold, maswali juu ya fedha na umiliki yakafika bungeni, na mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akakataa kuifafanua Meremeta kwa hoja kwamba inagusa Jeshi. Mgodi hatimaye ukawa chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Kwa mpangaji wa chumba na mama wa mgahawa, mabadiliko yote hayo yalikuwa na maana moja: wateja wapo, au wameondoka.

Waliobaki kati ya mwamko mmoja na mwingine ni wakulima na wachimbaji wadogo. Babu yetu alikuwa wote wawili kwa zamu: kibarua mgodi ulipofanya kazi, mkulima wa mtama na mihogo ulipofungwa. Jembe ndilo lililomwezesha kukaa. Ukiwasikia watu wakisifu uchangamfu wa Buhemba leo, sauti ya makarasha na biashara inayokesha, kumbuka kwamba rashi huja na kodi zake, na ikihamia duara jingine, vyumba hubaki vitupu.

Ukizilinganisha sehemu zetu tatu, kila moja ina kitu kilichoileta na kitu kinachoishikilia. Kiabakari ililetwa na dhahabu, ila iko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mgodi ulikufa, mabasi yakaendelea kusimama. Butiama ina kaburi la Mwalimu, na tangu wilaya ilipoanzishwa mwaka 2012 ina ofisi zenye mishahara ya kila mwezi. Buhemba ina dhahabu inayokuja na kuondoka, na udongo usioondoka.

Kwa hiyo hoja niliyoiweka mezani si ya Mama wala ya Baba. Kama kaka anataka mahali pa kulala tu, basi Butiama: nauli ni pungufu na mji hautategemea bei ya aunsi. Kama anataka Buhemba, asinunue kiwanja cha futi chache karibu na machimbo kwa matumaini kwamba bei itapanda. Anunue shamba, mbali na marudio na maji ya mialo ambako zebaki hutumika, achimbe kisima baada ya maji kupimwa, na mshahara wa Musoma autumie kwenye maduka ya Buhemba. Watoto wake wasome hapo hapo, naye ahudhurie mikutano ya kijiji. Mji mdogo huwa mzuri pale wanaoupenda wanapokuwepo mchana pia, au angalau wanapoacha kitu chao humo wanapoondoka alfajiri.

Baba aliuliza kama shamba linapatikana kwa fedha ile ile. Hilo ndilo tunalolitafuta sasa.