Usumu kwa Seli: Kipimo cha Gesi za Kuhami Umeme

Swichi kubwa za vituo vya kupozea umeme mara nyingi hujazwa gesi ya kuhami, inayozuia umeme usiruke kutoka chuma hadi chuma. Iliyozoeleka zaidi ni SF6, yaani heksafloridi ya salfa, iliyotengenezwa mwaka 1901 na Wafaransa Henri Moissan na Paul Lebeau. Ikiwa safi haina sumu, ingawa ikijaa chumbani humkosesha mtu hewa. Ila swichi inapokata umeme, tao la moto huivunjavunja. Mabaki yake yakikutana na unyevu huzaa floridi ya haidrojeni, inayounguza macho na mapafu.

Kiasi ambacho gesi hudhuru chembe hai ndicho tunachokiita usumu kwa seli. Sumu ni kitu, lakini usumu ni hali yenye kadiri, kama utamu na ukali. Tumeandika “kwa seli” kwa sababu “usumu wa seli” ungeweza kumfanya msomaji adhani seli ndizo zenye sumu.

Maabara hukuza seli juu ya utando wenye vitundu, zikapata chakula kutoka chini na kupitishiwa gesi kwa juu. Nyingine hupitishiwa hewa safi tu, ziwe za kulinganishia. Kisha zote hutiwa chumvi ya manjano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza kuwa zambarau, zilizokufa haziwezi. Rangi hiyo hupimwa, na kiwango cha gesi kinachoshusha uhai wa seli kwa nusu huandikwa IC50. Namba ikiwa ndogo, usumu ni mkubwa.

Kipimo hiki kina uzito zaidi sasa. SF6 hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksidi kwa miaka 100, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeanza kuiondoa kwenye mitambo mipya. Gesi mbadala, kama michanganyiko ya floronitrili na kaboni dioksidi, nazo huvunjwa na tao.

Seli za maabara hazina ini wala figo, kwa hiyo kipimo hiki pekee hakitoshi kuhukumu. Hata hivyo, ukiambiwa gesi fulani “haina sumu”, uliza: imepimwa ikiwa mpya, au baada ya kupigwa na tao? Fundi atakayefungua tangi la swichi anastahili majibu yote mawili.