Sheria ya Rimu ya California

Mwaka 1958 California ilianza kutumia kifungu cha 24008 cha sheria zake za magari. Kiliharamisha kuendesha gari dogo ambalo muundo wake umebadilishwa hata sehemu yoyote, ukiacha magurudumu, ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu.

Mimi ni fundi wa springi na shokapu, na upande mmoja naitetea sheria hiyo. Tairi likipasuka, gari hukalia rimu. Chasisi ikiwa chini ya rimu, ndiyo inayogonga lami na kusagika, na usukani haumtii tena dereva. Wateja wangu wengi huja kuinua magari yapite kwenye matuta na makorongo, lakini anayetaka kushusha lazima kwanza nimpimie rimu.

Waliobanwa zaidi na kipimo hicho ni vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, wa East Los Angeles na miji ya jirani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walinunua Chevrolet zilizotumika, wakapakia mifuko ya mchanga kwenye buti au wakakata springi. Wakati vijana wengine wa Marekani wakishindana kwa mbio, hawa walitaka gari lilale chini na kutambaa taratibu Whittier Boulevard, mtaa mzima ulione. Tatizo ni kwamba springi ukishaikata haiungiki. Gari lililo chini usiku wa Jumamosi litakuwa chini Jumatatu pia, na trafiki akikusimamisha huna la kusema.

Jibu lilipatikana 1959. Ron Aguirre alifunga kwenye Corvette yake, iliyokuja kujulikana kama X-Sonic, pampu na valvu za haidroliki za Pesco zilizotengenezwa kwa ajili ya ndege. Utaratibu wenyewe hauna uchawi: pampu husukuma mafuta kwenye silinda zilizo kwenye springi, silinda hurefuka, bodi hupanda. Ukifungua valvu, mafuta hurudi kwenye tangi na gari hulala. Yote hayo kwa swichi, dereva akiwa kitini. Polisi akitokea, gari linapanda juu ya kipimo, akishapita, linashuka.

Mafundi wa mtaani waliidaka mbinu hiyo. Chevrolet Impala, iliyotoka 1958 ikiwa na chasisi yenye umbo la X, ilikuwa rahisi kushushwa, ikawa kipenzi chao. Baadaye waliongeza betri na pampu mpaka magari yakaanza kuruka magurudumu ya mbele hewani, na mashindano yakaanzishwa. Ufundi wote huo ulikua chini ya sheria iliyokusudia kuyazuia magari yasilale.

Miji nayo ikaongeza makali yake. Kuanzia miaka ya 1980 sheria ya jimbo iliiruhusu kupiga marufuku kuzungukazunguka na gari katika barabara ileile, na National City ilifanya hivyo 1992. Wenye magari hayo walilalamika kwamba kinachosimamishwa ni sura ya dereva, gari ni kisingizio tu. Malalamiko hayo nayaelewa. Ukaguzi wa breki au wa ncha za usukani unahitaji jeki, muda na fundi. Kimo cha gari kinaonekana kwa jicho toka ng'ambo ya barabara, na askari anayetafuta sababu hahitaji zaidi ya hapo.

Mwaka 2017 Gypsy Rose, Impala ya 1964 ya Jesse Valadez iliyopakwa rangi ya waridi na kuchorwa maua, iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Kifungu cha 24008 kilikuwa bado hai. Kilifutwa na muswada namba 436 wa mbunge David Alvarez, uliosainiwa na Gavana Gavin Newsom Oktoba 2023 na kuanza kazi 1 Januari 2024, pamoja na mamlaka ya miji kukataza mizunguko.

Hatari ya tairi kupasuka haikufutwa pamoja na kifungu. Jukumu la kupima rimu sasa limebaki kwa fundi, naye, tofauti na askari, analazimika kuingia chini ya gari kabla ya kutoa hukumu.