Steringi wa Hong Kong, Kiswahili cha Temeke

Mashabiki wa manga wamezoea kuipima anime kwa yale iliyoyaacha. Kipimo hicho hakitoshi. Fullmetal Alchemist ya 2003 ilijitungia mwisho wake kwa kuwa manga ya Hiromu Arakawa, iliyoanza 2001, ilikuwa bado inaendelea. Ile ya 2009 ikaweza kuifuata hadi tamati. Mazingira ya kazi ndiyo yaliyozitenganisha, na muvi za kutafsiriwa za vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, vya Temeke, Manzese na Mbagala jijini Dar es Salaam zinalithibitisha hilo vizuri zaidi.

Majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Empress yalikuwa katikati ya mji, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Huku pembezoni palikuwa na deki, runinga moja, mabenchi, na kanda ya Hong Kong au ya Kihindi ambayo wengi hawakuielewa lugha yake. Hapo akaingia mtafsiri. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alivuma kwa kusimulia, wala hakujifunga kwenye kila neno. Sauti ya muvi inashushwa, msimuliaji anamtambulisha steringi, anamsuta adui, anaeleza ambalo picha haijalisema. Mwongozaji alipokusudia ukimya, yeye anaona nafasi ya kazi. Ufundi wenyewe ni mkongwe: filamu za majaribio zilizotengenezwa Vugiri, Tanga, kati ya 1935 na 1937, zilipewa maelezo ya lugha za wenyeji kwenye santuri. Hata Japani, kabla ya filamu za sauti, watu walimfuata benshi, msimuliaji wa ukumbini. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao.

Wapo watakaosema huu ni upotoshaji, tena usio na idhini. La idhini halina utetezi: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inaiweka tafsiri mikononi mwa mwenye kazi. La upotoshaji nalikubali nusu. Maandishi chini ya picha yangekuwa sahihi zaidi, lakini kwa kawaida yalikuja kwa Kiingereza, na aliyekaa benchi la nyuma angeyasomaje? Lawama ina uzito mahali pengine: masimulizi yakishachanganywa na sauti ya muvi, mtazamaji hajui kipi kilisemwa na kipi kimeongezwa. Mpenzi wa anime anaweza kulinganisha na manga. Wa Mbagala alikuwa na kanda hiyo moja tu.